Wimbo Usio na Mwanzo

Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya, mchana wa jua kali, tena nikiwa na udhu. Najua utaniuliza: mzee, hukuwa na kiu? Nilikuwa na kiu sana. Lakini kiu haimfanyi mtu asikie sauti ya baba aliyemzika kwa mikono yake.

Ulikuwa ukame wa juzi tu. Bwawa letu karibu na Hadado lilikuwa limebaki udongo uliopasuka, na lori la maji tuliahidiwa kila siku lisifike. Binti yangu Sahra ni mjane. Ngamia wake ndio chakula cha watoto wake na ada yao ya shule, hana kingine. Tukaamua kuwapeleka kwenye kisima cha mikoma, ambacho wengi hukiogopa.

Mahali penyewe ni pazuri, alhamdulillahi. Kuna mikoma michache, miti ya jamii ya mtende, kisima cha mawe cha watu wa kale, na nyuma yake kilima cha mchanga kilichosimama peke yake. Upepo ukikipiga, kilima kile huimba. Niamini. Hunguruma kama kundi la wanaume wanaonywesha ngamia. Wachungaji wa huko wana desturi: kabla ya kuteka maji, hufunga mwanambuzi chini ya kilima. Kesho yake kamba ipo, mbuzi hayupo. Usipomfunga, wanasema, maji hushuka.

"Abo, mbuzi wa kilima yuko wapi?" Sahra aliniuliza.

"Nimeleta wa maziwa tu."

"Basi kilima kikitaka maziwa, utakikamulia wewe," akacheka.

Tuliswali adhuhuri. Nilipotoa salamu ya mwisho nikageuka, kijana alikuwa ameketi ukingoni mwa hori la kunyweshea. Kikoi chake kilikuwa cheupe, na miguu haikuwa na vumbi hata chembe. Nikamsalimu: Assalamu alaykum. Hakuitika. Nikarudia. Akatabasamu tu. Sasa niambie, ni nani katika nchi hii hukaa kisimani asiitikie salamu?

"Mzee, umemsahau mbuzi wangu," akasema.

"Sikumsahau. Simtoi."

Wakati huo Sahra alikuwa akiteka. Dumu likapanda tupu, likikwaruza mawe. Maji yalikuwa yameshuka kweli. Akanitazama, na kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Abo, mpe. Ni mbuzi mmoja. Wanangu watakula msimamo wako?"

Neno lile liliniuma, sifichi. Lakini leo mbuzi, na kesho je? Nikamwambia yule kijana kwamba riziki yetu iko kwa Yule aliyemuumba yeye na mchanga wake, na kwamba kwangu hatapata hata kwato.

Akainuka, akatembea hadi kilimani, na kilima kikaanza kuimba.

Hapa lazima nikueleze. Kwetu kila ukoo una wimbo wake wa kunywesha ngamia. Ngamia huujua tangu wakiwa ndama, na huufuata popote. Wimbo uliotoka mchangani ulikuwa wetu, kwa sauti ya marehemu baba yangu, pamoja na kile kikohozi chake kidogo kati ya mistari. Ngamia wote wakaacha hori, wakaukimbilia. Mchanga ukaanza kuporomoka chini ya miguu yao. Jike aliyetangulia alizama hadi magotini. Sahra alipiga yowe.

Nami nikatambua jambo. Wimbo ule ulianzia katikati. Wa kwetu huanza kwa Bismillahi, na baba aliwazoeza ngamia wetu hivyo: hakuna anayeinamisha mdomo kabla ya kuisikia. Sasa walikuwa wamesimama pale mchangani shingo juu, wakisubiri mwanzo. Yule kijana hakuweza kuutamka.

Nikapanda juu ya hori nikaimba. Sauti yangu ilikuwa kavu, mbaya kabisa, lakini nilianzia panapostahili. Masikio yakageuka, kisha shingo, kisha ngamia mmoja mmoja wakarudi. Yule jike akajing'oa mchangani akiwa wa mwisho.

"Nitawangoja wajukuu wako," kijana akasema, uso bila tabasamu.

"Wangoje. Nitawafundisha mwanzo wa wimbo."

Upepo ukatulia. Hakuwapo tena, na mchangani hapakuwa na nyayo ila za ngamia. Maji hayakupanda, lakini nilivua kilemba changu nikakiunga kwenye kamba, na dumu likayafikia. Tuliteka kwa zamu mpaka kila ngamia akashiba. Sahra alipokezana nami kamba, akiimba ule mstari wa kwanza.

Yule jike yu hai na ana ndama. Lakini kengele ya mti shingoni mwake haijatoa sauti tangu siku ile. Tumeitikisa, tumemvisha ndama wake, wapi! Kelele za kilima bado huniingia sikioni nikiwa msikitini, nami huendelea kuswali.

Ewe unayechunga, usimfungie yule wa kilimani mbuzi. Ukimpa leo, umemlea. Na wanao wafundishe wimbo kuanzia mwanzo, maana yupo mwingine anayeujua uliobaki.

Mimi kila kiangazi narudi pale na ngamia wa Sahra. Nasimama mbele ya kilima, natoa salamu kwa sauti, nasubiri kidogo. Sijaitikiwa bado. Basi nateka maji yangu.