Mama na Nahodha wa Huangpu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikifuata nguo Guangzhou na kuziuza dukani kwangu Dodoma. Safari moja nilikwenda na mama. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu mazishi mama alikuwa mtu wa kukaa tu, hasemi mpaka asemeshwe. Nikaona bora nimtoe nyumbani.

Kule Shisanhang, kwenye soko la nguo, alinifuata nyuma, amekumbatia mkoba. Neno la Kichina alilolikamata lilikuwa moja, lile ambalo wenye maduka walitutupia walipokosa saizi tuliyotaka: meiyou, hamna.

Mzigo wetu ulipofika bandarini Huangpu, meli ikachelewa. Wakala aliyetushughulikia mizigo akatuambia kuna nahodha anayekodisha boti na kuwaongoza wageni kwenda kuvua. "Mpeleke mama akapunge upepo," akasema. Mama na kuvua wapi na wapi? Samaki aliowajua walikuja Dodoma wamekaushwa, ndani ya magunia. Nilishangaa kumwona anavaa viatu.

Nahodha alikuwa mzee mwembamba, mkavu, na kofia yake ya majani. Alitufunga maboya vifuani, akatuteremsha na mto mpaka maji yakapanuka na kingo zikawa mbali. Akazima injini, akamwonyesha mama namna ya kumtia kamba wa chambo kwenye ndoano na kuusikiliza mshipi kwa kidole. Mama akashusha, akangoja, akavuta. Ndoano tupu, chambo kimeliwa.

"Meiyou," akamwambia nahodha, kwa sauti ileile ya wenye maduka.

Mzee alicheka hadi akashika ukingo wa boti. Tangu hapo wakawa marafiki. Yeye akisema Kikantoni, mama anamjibu Kigogo, na mimi niliyejifanya mkalimani nikawa sina kazi.

Jua lilipokuwa kali, mshipi wa mama ulivutwa ghafla. Nahodha akaruka kumsaidia.

"Niachie!" mama akapiga kelele. "Huyu wangu!"

Mzee hakuelewa neno, lakini alimwachia. Mama akavuta mpaka samaki akatua miguuni petu: bapa kama sinia, juu kahawia, chini mweupe, na macho yote mawili upande mmoja.

Mama akamkodolea. "Huyu mgonjwa. Mwambie amrudishe."

Nikajaribu kueleza kwa mikono. Nahodha akatikisa kichwa, kisha akajilaza sakafuni, ametulia tuli, macho kayatoa kutazama juu, kutuonyesha jinsi samaki yule anavyojificha mchangani. Mzee mzima, kofia imemdondoka! Ndipo mama akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu baba alipoanza kuugua. Kilianza kidogo, kikamzidi nguvu, akakaa chini machozi yakimtoka, na mwishowe sikujua kama bado alikuwa anacheka. Nahodha akainuka taratibu, akaenda kushughulika na injini, akatupa mgongo.

"Baba yako angemwogopa huyu," mama akasema baadaye, akijifuta kwa ncha ya khanga. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja bila kuulizwa.

Nahodha alimpika samaki kwa mvuke na tangawizi, kwenye jiko dogo la botini. Mama alisali, akaomba chumvi, akala mpaka akafyonza miiba.

Safari iliyofuata nilikwenda peke yangu. Nilishuka Huangpu, nikamkuta nahodha anaosha boti. Alitazama nyuma yangu, akanyoosha mikono kuuliza yuko wapi mwenzangu. Nikashika magoti na kukunja uso, kumwonyesha kwamba yanamsumbua. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta ya kuchulia, akanitia mkononi na kukataa malipo.

Mama alijipaka mafuta yale kila jioni, sebule nzima ikinuka karafuu. Wageni wakiuliza, aliwaambia ametumiwa na rafiki yake wa China.