Macho ya njano ambayo ndugu yangu alinificha

Wakuu wa hili jukwaa, hamjambo? Hii nitaiandika vile ilitokea, bila kuongeza chumvi.

Mimi shule niliachia darasa la nne. Lakini mwisho wa miaka ya tisini, ukitaja biashara ya ndengu kutoka Kathonzweni mpaka Kabati, umenitaja mimi. Lori zangu, stoo zangu, na hakuna mtu alinishika mkono.

Ndugu yangu mdogo, Kyalo, akapatikana na virusi vya UKIMWI.

Hizo dawa wakati huo zilikuwa za matajiri wa Nairobi. Nikasema, kwani mimi ni nani? Nikanunua. Kijana alikuwa amebaki mifupa, akarudi kubeba magunia!

Nilijisifu, wakuu. Watu niliwaambia ni TB, lakini Matiliku nzima, soko letu, ilijua dawa ya kutoka ng'ambo imeinua Kyalo, na mwenye kulipa ni mimi.

Daktari alikuwa ametuonya: macho yakigeuka njano, rudini mbio, hapo ini linaumia.

Mwaka wa pili Kyalo akaanza kuvaa miwani nyeusi. Nikamtania, "Wee, siku hizi ni mwanamuziki?"

"Wacha wivu, mzee wa ndengu."

Kumbe macho yalikuwa kama kiini cha yai la kienyeji. Mama aliyaona, akasema ni nyongo tu. Akawa anamchemshia supu ya mizizi, ile chungu yetu, kila siku. Ini lilikuwa limelemewa na dawa, likaongezewa mzigo. Mama sijawahi kumlaumu. Kwetu nyongo inatibiwa hivyo.

Mimi nilishtuka tumbo lake likiwa limevimba. Hospitali wakasimamisha dawa. Daktari akasema tungekuja mapema angebadilishiwa zingine.

Nikamuuliza kitandani, "Kwa nini hukuniambia, mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu?"

"Umeambia soko yote dawa zako zimenifufua. Ningekuaibisha aje?"

Wiki hiyo tukamzika.

Mnaomeza ARV miaka mingi, msiache dawa kwa sababu ya stori yangu, tafadhali. Pimwa ini. Ukiona njano, kimbia clinic, na mizizi unayokunywa umwambie daktari. Na wewe unayemlipia mtu matibabu, punguza mdomo, apate nafasi ya kukuambia anaumwa.

Kuna mwenye ini lilimsumbua, akabadilishiwa dawa akapona? Andika hapa chini. Mimi husoma polepole, lakini zote nitasoma.