Mume wangu hahamii Jinja

Na nyinyi mliosema kwamba harusi ikiisha mume wangu atarudi Jinja, mimi nibaki Mbale na simu, someni ya leo.

Mume wangu (hili neno bado naliandika nikitabasamu) anatunza mfumo wa kampuni ya mabasi. Maombi ya wateja hupita kwenye mageti ya mfumo, na kila geti lina kanuni: tiketi huku, mizigo kule. Zamani kila geti lilikuwa na kanuni zake ndani. Yeye alizihamishia kwenye hazina moja, mageti yote yanasoma hapo.

Leo, akiwa hapa nyumbani Mbale na kompyuta yake, alibadilisha kanuni moja. Akakosea.

Mageti yote yakasoma kosa kwa pamoja. Wanaotaka tiketi wakapelekwa kwenye mizigo.

Bosi wake, mwanajeshi mstaafu, akapiga simu.

"Nilisema ukae hapa Jinja. Panda gari sasa."

"Afande, hata nikiwa Jinja ningekosea," mpenzi wangu akajibu, huku akirudisha kanuni ya awali. "Jaribu tena."

Bosi akajaribu. "Imekubali."

Nikasahau kwamba simu iko kwenye spika. "Basi mwambie hapa haondoki mtu."

"Huyo ni nani?"

Nilitamani kuingia chini ya meza.

"Bibi yangu, afande."

"Mkali."

"Sana, afande."

Bosi akacheka. "Haya, kaa huko Mbale. Ukikosea tena, nampigia yeye."

Apige tu, nitapokea.

Marafiki wa Jinja, kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kuwasalimia. Tutakuja wawili, na tutarudi hapa kwetu Nabuyonga, Mbale, wawili.