Bunduki ya Marehemu Yefim

Yefim alipokufa mwezi Machi ardhi ilikuwa bado imeganda. Wachimba kaburi waliwasha moto siku nzima ili koleo lipenye. Siku ya tatu baada ya mazishi, askari wa eneo letu, kijana mmoja aitwaye Ruslan, alimwendea mjane na karatasi ya kutia saini, akaondoka na bunduki. Mwenye kibali akifa, silaha inakwenda kituoni. Mwaka ukipita bila mtu wa ukoo kuchukua kibali kwa jina lake, bunduki huvunjwa na kuwa chuma chakavu.

Glafira, mjane wake, alitia saini. Ruslan alipotoka getini, akaniambia, "Nonna, ile naitaka."

"Una miaka sitini na sita," nikamwambia. "Utafanyia nini bunduki?"

"Nimesema naitaka."

Mimi ni tabibu wa zahanati ya kijiji, nimekaa hapa tangu mwaka themanini na nane, na mdomo wangu hauna breki. Lakini siku hiyo niliufunga, kwa sababu nilijua jambo ambalo yeye hakujua kwamba nalijua.

Bunduki yenyewe ukiiona huwezi kuitamani. Ilitengenezwa Tula mwaka hamsini na sita. Ina mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na nyundo mbili kwa nje ambazo lazima uzivute nyuma kwa dole gumba kabla ya kufyatua. Kitako kilipasuka zamani, Yefim akakifunga kwa waya wa shaba. Alibadilishana na mfuga nyuki mmoja, akatoa kondoo jike. Mfuga nyuki alikufa akiamini yeye ndiye aliyepunjwa.

Mwaka tisini na nne Yefim aliangukiwa na gogo kwenye ukataji miti, nyonga ikavunjika. Hospitali ilimrudisha akiwa hai, basi. Kutembea kwenye theluji kukaisha. Glafira alikuwa mkamuaji katika shamba la ushirika, na miaka ile shamba lilikuwa halilipi mishahara, linalipa ahadi. Nyumbani kulikuwa na watoto wawili, viazi na kabichi ya chumvi.

Ndipo nyama ikaanza kuonekana kwa Glafira. Kwale wa msituni, sungura, na siku moja jogoo-pori mkubwa asiyeingia chunguni. Alikuwa akigawa. Nilipojifungua binti yangu na maziwa yakagoma kutoka, Glafira aliniletea supu ya kwale siku tisa mfululizo, akakaa kitandani kwangu mpaka niimalize. Binti yangu leo ana watoto wake. Wakati ule nilimuuliza kwale amewapata wapi.

"Binamu yake Yefim ameleta," akasema.

Binamu yake Yefim namjua. Anaishi kusini, na kuku akimkaribia anapanda juu ya benchi.

Isitoshe, mimi nilikuwa na ushahidi. Ndani ya risasi, kati ya baruti na marisawa, zile punje ndogo za kuulia ndege, huwekwa kipande cha sufu ngumu, na kwetu sufu hiyo hukatwa kutoka buti kuukuu za baridi. Yefim alikuwa akikaa mezani na mguu wake mbovu, anashindilia maganda ya shaba moja moja. Siku moja niliacha buti zangu kwao zikauke karibu na jiko, buti nzima, za msimu mmoja tu, naye akadhani ni za kutupa. Nilirudi kuzichukua nikazikuta mezani zimetobolewa matundu ya mviringo toka shingoni mpaka kisiginoni. Yefim aliona haya mpaka masikio. Nilirudi nyumbani nimevaa makalosha yake, viatu vya mpira, na majira yale ya baridi nusu ya kijiji ilikula nyama kwa buti zangu. Sijutii hata tundu moja.

Kwa hiyo nilijua. Mume anashindilia, mke anapiga. Miaka saba, bila kibali, mpaka nyonga ilipokubali na Yefim akarudi msituni mwenyewe. Glafira hakumwambia mtu. Aliogopa enzi zile kwamba Yefim atanyang'anywa bunduki, na sasa aliogopa zaidi: wakigundua kuwa aliitumia kinyume cha sheria, kibali hatakipata kamwe, na bunduki itakwenda kuyeyushwa.

Alipima macho, akapima akili, akasoma kijitabu cha sheria mpaka kikachanika. Ruslan alikuja kukagua kabati la chuma la bunduki ambalo Glafira alilifunga ukutani, akalivuta kwa mikono miwili, akasema, "Mama, hili hata mimi nikilewa siling'oi." Februari, mwezi mmoja kabla ya mwaka kwisha, likabaki jambo moja tu, mtihani wa kupiga shabaha wilayani. Nikampeleka kwa gari la zahanati.

Uwanjani kulikuwa na vijana watatu waliokuja kutafuta kibali cha kwanza. Mmoja akamtazama Glafira na kilemba chake cha sufu.

"Bibi, jengo la miwani ni lile la pili."

"Nimetoka huko, mjukuu wangu," Glafira akasema. "Wamesema nakuona vizuri, kwa bahati mbaya."

Wenzake wakamcheka yeye badala ya bibi.

Mkufunzi aliitwa Vadim Artemovich, mzee wa makamo mwenye masharubu ya kijivu, asiye na maneno mengi. Akampa Glafira bunduki ya mafunzo, mpya, ya mitutu miwili, yenye nyundo zilizofichwa ndani ya chuma. Ukishaijaza, kazi yako ni kuondoa kizuizi na kufyatua. Alimweleza yote hayo, Glafira akaitikia kwa kichwa. Visahani vitano vya udongo vitarushwa hewani, avunje vitatu.

"Uliwahi kupiga bunduki?" akamuuliza, kama alivyowauliza wale vijana.

"Sijawahi."

Kisahani cha kwanza kiliruka. Glafira akainua bunduki begani vizuri kabisa, na dole gumba lake la kulia likapanda juu kutafuta nyundo. Halikuikuta. Likapapasa tena, huku na huku, juu ya chuma kitupu. Kisahani kikaanguka kwenye theluji kikiwa kizima.

Nilikuwa nyuma ya kioo, karibu na mlango uliokuwa wazi. Mtu asiyewahi kushika bunduki hatafuti nyundo. Anayeitafuta ni yule aliyeivuta mara elfu.

Vadim Artemovich akainua mkono kusimamisha mrushaji. Akamsogelea.

"Marehemu alikuwa na bunduki gani?"

"Ya Tula. Ya nyundo."

"Na wewe hukuwahi kuipiga."

"Sikuwahi."

"Hata mara moja."

"Hata mara moja, Vadim Artemovich."

Yule mzee akalitazama dole gumba lile. Kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii haina nyundo, mama. Acha dole likae. Endelea."

Visahani vinne vilivyobaki alivivunja vyote.

Mezani, Vadim Artemovich aliandika taratibu, akagonga mhuri, akamsukumia karatasi. "Nimeandika kuwa mtahiniwa hana uzoefu," akasema. "Ulimi wako unaweza uongo kidogo, mama. Dole gumba haliwezi kabisa. Nenda na Mungu."

Tulikwenda kama kilomita kumi. Glafira alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono yote miwili.

"Amejua," akasema mwishowe.

"Amejua."

"Na wewe umejua leo."

"Mimi nimejua tangu Yefim alipokula buti zangu. Kijiji kizima kilijua."

Akanigeukia. "Usinidanganye. Nilikuwa natoka alfajiri, bunduki nimeifunga ndani ya gunia na fagio. Hakuna aliyeniona."

"Ulipita barabara nzima, Glafira. Miaka saba. Kijiji ambacho ukienda kisimani unaulizwa unakwenda wapi. Wewe nani alikuuliza?"

Kwetu mwindaji haulizwi anakokwenda. Ukimuuliza umemharibia siku, atarudi mikono mitupu. Hata mtoto mdogo anajua.

"Hakuna," akasema polepole.

"Basi."

"Hata Stepanida?"

"Hata Stepanida, na mdomo wake ule wa umbeya."

"Marehemu Klavdia? Mzee Averyan, aliyekuwa askari enzi zile?"

"Averyan alikuwa akikuona anaingia ndani kufunga dirisha."

Akaniomba nisimamishe gari. Nikasimama kando ya barabara, kati ya misonobari. Alilia kwa muda mrefu, mimi nikamwachia, maana hayakuwa machozi ya kuhitaji tabibu.

"Nonna, nusu yao wako makaburini," akasema akijipangusa kwa ncha ya kilemba. "Sasa nitamshukuru nani?"

Nikamwambia aanze na mimi, maana bado napumua. Akanishukuru kwa heshima, kwa jina langu na la baba yangu, kisha akaendelea na wengine nyumba kwa nyumba, wazima na wafu, mpaka tulipofika.