Kiti cha Callixte Ndani ya Mtumbwi

Kiangazi cha mwaka 1953, watu wa Sake walipata burudani ya bure kila Jumapili baada ya misa. Callixte, karani wa ghala la kahawa pale njia panda, alikuwa anakwenda kutembea ziwani na mkewe.

Huyu Callixte alikuwa mtoto wa Kibabi, wa mlimani, ambako maji mengi kuliko yote ni yale ya mtungi. Kuogelea hakujua, kupiga kafi hakujua, na mtumbwi ukiyumba hata kidogo alishika kingo zake mbili kama mtu anayezuia mlango usisukumwe na mwizi. Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka, na sokoni hakuna asiyekijua. Alitaka karte ya mérite civique, ile karte ambayo serikali ya Wabelgiji iliwapa Waafrika wachache iliowaona wamestaarabika. Mwenye nayo hakuchapwa kiboko, na usiku alitembea mjini bila kuulizwa anatoka wapi. Hizo ni sababu nzuri, na hakuna wa kumlaumu mtu kwa kukataa kiboko. Ila Callixte hakuwahi kuchapwa, na jua likizama tu alikuwa kitandani. Yeye alichotaka ni kuitwa évolué, yaani mstaarabu, tena mbele ya watu.

Tume ya kuchagua ilikaa Masisi, na ilisifika kwa kuchunguza. Ilitaka kujua kama mke anakula mezani pamoja na mumewe, kama jikoni kuna usafi, kama mwenye nyumba anajua kupumzika siku za mapumziko. Katika cercle, yaani chama cha makarani na walimu, mgeni mmoja alikuwa amewafundisha kwamba mtu mstaarabu, wiki ikiisha, hutoka na mkewe kwenda kunyoosha miguu na kuvuta hewa safi. Callixte alilishika neno hilo kuliko alivyowahi kuishika katekisimu.

Alianza na nchi kavu. Jumamosi ghala likifungwa, alimchukua mkewe Verdiane wakapanda kilima cha nyuma ya soko. Kwa kuwa mstaarabu hamtangulii mkewe bali hutembea ubavuni pake, na kwa kuwa njia yenyewe ilimtosha mtu mmoja, Verdiane alipita njiani na Callixte alipita majanini, akarudi nyumbani soksi zake nyeupe zimejaa mbegu za porini. Juu kule walitandika kitambaa, wakapanga sahani na uma, wakafungua mkebe wa sardini.

Jumamosi moja bibi kizee mmoja, Mukamurenzi, alitokea shambani kwake akawaona. Alisimama akawatazama sana. Mtu na mkewe wanakula nje, chini, na vyombo vyao vyote, nao hawako safarini wala hawana msiba. Akaondoka zake. Baadaye alirudi na kikapu cha viazi vitamu na mkeka mkuukuu kwapani.

"Pole, batoto bangu," akasema. "Moto ilikula nyumba yote, ao bintu bingine bilibaki?"

"Nyumba iko, mama," Callixte akajibu. "Tuko tunapumzika."

"Banawafukuza?"

"Hapana. Tunapumzika tu."

Mukamurenzi akamgeukia Verdiane, mwanamke kwa mwanamke. "Pole sana, mutoto yangu," akamwambia, akatua kikapu. Verdiane alipokea kwa mikono miwili, tena kwa furaha, maana sardini hazikuwa zimefika popote.

Habari zilifika sokoni kabla yao. Jumatatu, Hilaire fundi wa cherehani alimwuliza bila kuinua macho kwenye kitambaa: "Papa Callixte, nyumba ya mupya utaezeka na mabati ao na majani?"

Ndipo Callixte akahamia ziwani, mahali ambapo hakuna mtu angemletea viazi.

Alipata mtumbwi wa mti mmoja, akaupaka rangi nyeupe, na katikati yake akaweka kiti cha mikono. Verdiane alimwonya. Verdiane alikuwa mtoto wa Ntoto, kule Walikale, aliyejua kafi kabla ya kujua jembe.

"Mu mutumbwi bantu banakaa chini," alimwambia. "Kiti itatuangusha."

"Basenji njo banakaa chini," akajibu mumewe, ambaye kukaa chini aliona ni ushenzi.

Basi Callixte alikaa kitini, kofia ya kizungu kichwani, gazeti mkononi, na Verdiane alikaa nyuma kabisa na gauni lake la sikukuu, akapiga kafi. Hayo ndiyo yalikuwa mapumziko ya watu wawili: mmoja alipumzika, na wa pili alimpumzisha.

Kila Jumapili walipita mbele ya nyumba iliyokuwa ukingoni kwenye njia ya Minova, ya mzungu mmoja aliyekuwa mjumbe wa ile tume. Callixte aliinua kofia. Mzungu huyo naye alikuwa na mashua, na alipotoka na mkewe, yeye mwenyewe ndiye aliyevuta makasia huku mke ameketi na mwavuli. Callixte aliliona jambo hilo mara nyingi, na alilifikiri, akaamua kwamba yule bwana ana ugonjwa wa mgongo na daktari amemwagiza mazoezi. Mwenye kuiga huchagua. Callixte aliiga kiti, kafi akaiacha.

Mwishowe kofia ililipa. Bwana wa ghala alimletea salamu: mjumbe wa tume anawaalika, yeye na Madame, kahawa ya Jumapili baada ya misa, waongee kidogo kabla ya majina kupelekwa Masisi. Callixte hakulala vizuri wiki nzima. Kwa Hilaire, akipimwa suruali mpya, alisema mbele ya wateja kwamba desturi zote za mababu yeye amezitupa, ni mambo ya porini.

Ijumaa jioni, mama mkwe wake akafika.

Mama Emérita alikuwa ametoka Ntoto kwa miguu, amevuka milima, miguu imemvimba, na mgongoni ana kikapu cha nyama ya kukausha kwa ajili ya mjukuu wake Godelieve. Mtoto huyo alisoma kwa masista, kwenye misheni iliyo mbele zaidi, ukishapita nyumba ya yule mzungu, na wazazi waliruhusiwa kumwona Jumapili. Bibi yake hakuwa amemtia machoni tangu alipoachishwa ziwa. Kwa desturi ya kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, kwa hiyo mama huyo alikaa nyuma ya mlango na kumsalimu Callixte kupitia kwa binti yake. Callixte hakuona ubaya. Hilo lilimpunguzia kazi ya kumwuliza habari za safari.

Jumapili ufukweni, Callixte alikuwa amekwisha kaa kitini mwake Verdiane alipokuja na mama yake. Mama Emérita alisimama kando, uso wake ameuelekeza kwenye matete.

"Mama yako anaenda wapi na ile kikapu?" Callixte akauliza.

"Tunaenda naye. Tukimaliza kahawa tunamufikisha ku misheni."

"Na sisi tukiwa tunakunywa, yeye atakaa wapi?"

"Atangoja mu mutumbwi. Kungoja amezoea."

Upepo ukaleta harufu ya ile nyama. Katika mawazo yake Callixte alimwona mzungu kwenye baraza lake akinusa. Alimwona mwanamke mzee wa msituni, miguu imevimba, kamba ya kikapu kwenye paji la uso, ameshuka kutoka katika mtumbwi wa mtu mstaarabu. Akakohoa.

"Haiwezekani. Mukwe hapandi mutumbwi moya na mukwe wake. Njo desturi yenu."

"Juzi kwa Hilaire ulisema desturi yote umetupa."

"Nilitupa ile mingine."

Hilaire, aliyekuwa ananawa miguu jiweni hapo karibu, akaingilia: "Kaka, hii moya uliyobakisha, uliificha wapi? Sikuipima ku suruali."

"Kwetu, ku muto ya Lowa," Verdiane akasema taratibu, "mukwe na mukwe banavuka pamoja. Kila muntu anamupa mwenzake mugongo, mutoni hakuna njia ingine. Mama atakaa nyuma yangu. Hatakuona."

"Verdiane, tunachelewa. Muambie anapita na njia ya miguu."

Mama Emérita aliyasikia yote. "Sawa," akayaambia matete. "Mwenye mutumbwi amesema." Akaweka kamba sawasawa kwenye paji la uso, akaanza kutembea.

Kila Jumapili Verdiane alisukuma mtumbwi kwa nguvu, kisha akaruka ndani. Jumapili hiyo alisukuma. Akabaki amesimama, maji yakimlowesha pindo la gauni, mtumbwi ukiteleza mbali naye. Halafu akageuka, akamkimbilia mama yake na kumtua kikapu.

"Papa Callixte," Hilaire akaita, "bibi amebaki."

Callixte hakugeuka. Kugeuka katika kiti kile lilikuwa jambo la hatari. Kafi ilikuwa nyuma, mahali pa Verdiane, mpini umeegemea kiti, naye akainyooshea mkono bila kuinuka, akaipata, akaipiga majini upande wa kuume. Mtumbwi ukazunguka. Akapiga tena kwa bidii, mtumbwi ukazunguka kwa bidii. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha nguo. Baada ya kuitazama Sake mara kadhaa bila kupenda, Callixte aliweka kafi chini na kumwachia kazi upepo wa mlimani, nao ukamchukua polepole kandokando ya ufuko, kuelekea kwenye kahawa.

Barazani, mjumbe wa tume na mkewe walisimama kumpokea. Meza ilikuwa na kitambaa na vikombe vinne.

"Callixte, kuya. Kahawa iko tayari," bwana akaita. "Na madame?"

"Iko nyuma, bwana."

Alikuwa mbali nao kiasi cha kutupa jiwe. Neno moja lingetosha: nisaidieni. Lakini mtu mstaarabu aliye matembezini na anayejua kupumzika haombi kuokolewa. Callixte akainua kofia, akatabasamu, akasema bonjour kwa bwana, akasema bonjour kwa madame, na akapita. Wazungu wakabaki na birika mkononi, wakimtazama mgeni wao anavyokwenda zake ameinua kofia, mpaka rasi ikamficha.

Baada ya rasi mtumbwi ulikwama kwenye matete. Ukingo ulikuwa karibu, lakini maji yalikuwa meusi, na Callixte alikaa kitini akiyaogopa hadi aliposikia sauti njiani. Verdiane alikuwa amebeba kikapu. Mama yake alikuwa anajikongoja na fimbo.

"Tupite, mama," Verdiane akasema alipomwona.

"Baba ya mutoto hatupwi ku maji," mama yake akajibu.

Mama Emérita akaweka fimbo chini, akakaza kitenge kiunoni, akalipa ziwa mgongo. Hivyo hivyo, kinyumenyume, akaingia majini hatua kwa hatua, mkono mmoja nyuma ukitafuta, mpaka ukashika pua ya mtumbwi. Akavuta. Mtumbwi ukatoka mateteni na kiti chake na mwenye kiti, na mama mkwe hakumtazama hata mara moja. Maji yalikuwa yamemfika magotini.

"Muambie mukwe wangu ashuke," akamwambia binti yake. "Maji iko fupi."

Kisha akaokota fimbo, akaendelea na njia yake.

Callixte akashuka, viatu vikajaa maji. "Verdiane, turudi. Banangoja madame."

"Basi bangoje," akasema Verdiane. "Mi naenda kuona mutoto."

Kengele ya misheni ililia karibu sana, nyuma ya kona tu. Mtoto wake wa kuzaa alikuwa huko, na kikapu kilikuwa kizito, na hakuna aliyemzuia kukipokea mgongoni kwa mkewe. Upande wa pili kulikuwa na baraza. Tume hupima watu kwa sahani na vitanda, lakini mtu hupimwa hasa pale njia mbili zinapokuwa wazi mbele yake na hakuna anayetazama. Callixte aliufunga mtumbwi, akafuta kofia kwa mkono wa koti, akarudi kwa wazungu.

Baraza lilikuwa tupu na kitambaa kimeondolewa. Alizunguka nyumba hadi mlango wa jikoni, akamkuta mpishi, Benoît, akiosha vikombe.

"Bwana amelala," Benoît akasema. "Alikasirika. Anasema unapita ukicheka tu, na bibi haukumuleta. Jina yako haitaenda ku Masisi."

Maji yalikuwa yanatoka viatuni mwa Callixte yakichora njia sakafuni.

"Na kahawa?" akauliza mwishowe.

"Iko imebaki kidogo mu birika."

Benoît akammiminia katika kikombe cha bati, hapohapo kizingitini. Ilikuwa imepoa. Callixte akainywa yote, amesimama, kofia kichwani.

"Kikombe urudishe," Benoît akamwambia. "Haiko ya bwana. Njo yangu."