Diski ya Mazishi

Siku jamaa yule alipoingia dukani kwangu akiwa na mama yake, tulikuwa na miezi saba hatujasemeshana. Kabla ya hapo tulichimba duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, yeye, mimi na mdogo wake, upande wa chini wa Gorong'a. Tulilala chumba kimoja na kula sufuria moja. Halafu asubuhi moja mfuko wa mawe ya dhahabu haukuonekana. Alisimama kwenye mdomo wa shimo, mbele ya watu waliotoka Shinyanga, Singida na Geita ambao hata ukoo wangu hawakuujua, akaninyooshea kidole.

"Mwizi ni huyu."

Sikuiba. Lakini machimboni neno linalotangulia ndilo linaloaminiwa. Walinitoa pale kwa mateke, nikaondoka na kiatu kimoja. Mdogo wake hakunipiga, ila hakufungua mdomo pia. Alikuwa anaangalia chini, anazungusha kofia yake mikononi. Nilimchukia kwa kile kimya kuliko nilivyomchukia kaka yake kwa yale maneno.

Nikaacha kuchimba. Nilinunua kompyuta ya mtumba Tarime mjini, nikafungua banda la mabati pale pale kwenye kijiji cha wachimbaji. Nikawa naandika barua za watu, napiga picha ndogo za vitambulisho, narekodi nyimbo kwenye diski. Umeme ulikuwa wa jenereta. Jirani yangu alikuwa na karasha, mashine ya kusagia mawe, nayo kutwa nzima ilitoa vumbi jeupe kama unga wa muhogo. Lilijaa kwenye kope, kwenye chai, kila mahali.

Masika yalipofika lile duara liliporomoka. Yule mdogo alikuwa chini. Walimtoa siku ya pili wakamzika kwao Itiryo. Sikwenda. Wengi waliniuliza nitaondoka saa ngapi, nikawajibu nina kazi. Kwetu mtu asiyekwenda kuzika amesema neno lake, na kila mtu amelisikia.

Mama yao hakumzika mwanawe. Alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, amefanyiwa upasuaji wa tumbo, na ndugu walikubaliana asiambiwe mpaka apone. Aliporudi nyumbani akaonyeshwa kaburi ambalo lilikuwa limeanza kuota majani. Wakamwambia kuna mtu alichukua picha za video na zipo kwenye diski. Akasema anataka kuona. Na eneo lile lote, mwenye kompyuta nilikuwa mimi peke yangu.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba." Alikaa kwenye benchi taratibu, mkono mmoja umeshika tumbo. Nilikuwa nimekula ugali wake mara nyingi, tulipokuwa tunakwenda Itiryo kupumzika. Safari hii hakuniuliza habari za nyumbani.

Mwanawe alibaki wima mlangoni. Alinitupia ile diski mezani, imefungwa kwenye karatasi ya daftari.

"Weka."

Niliweka. Trei ikaingia, taa ikawaka, draivu inayosoma diski ikazunguka ikalia krr, krr, ikanyamaza. Kioo kikaandika kwamba niweke diski, na diski ilikuwa ndani. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Krr, krr. Kimya.

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Niliona shingo yake inavyovimba, nikasema moyoni, na wewe onja kidogo.

"Diski yako mbovu," nikamwambia.

"Juzi imesoma Musoma kwa binamu yangu. Nimeona kwa macho yangu."

"Basi nenda Musoma."

"Wewe mura, usinichezee. Mama hawezi safari ya Musoma. Unafanya makusudi."

Mama aliinua uso, akamwangalia mwanawe, kisha akaniangalia mimi, akarudi kuangalia kile kioo cheusi. Hapo ile furaha ikaanza kunichachukia.

Nikachukua diski yangu ya kwaya, ambayo siku mbili kabla ilicheza vizuri, nikaiweka. Haikusoma. Basi ubovu haukuwa kwenye diski yake. Ulikuwa kwangu. Sikumwambia. Nilizima kompyuta nikaiwasha upya, hakuna kitu. Nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikachomoa waya mpana unaotoka kwenye draivu, nikauchomeka tena na kuukandamiza. Hakuna kitu. Muda wote huo yeye alikuwa anapumua juu ya kisogo changu.

"Wewe ulishindwa hata kushika sururu," alisema. "Nani alikudanganya unaweza vitu hivi?"

"Rudi nyuma. Unanizibia mwanga."

"Sirudi."

"Basi shika bisibisi utengeneze mwenyewe."

Akarudi nyuma hatua moja. Nilinyoosha kibanio cha karatasi, nikachomeka ncha yake kwenye tundu dogo mbele ya draivu, trei ikatoka. Kisha nikaichomoa draivu nzima, nikafungua skrubu zake nne. Ndani kila kitu kilikuwa cheupe. Ile lenzi, kijicho kidogo kuliko punje ya mtama, ilikuwa imefunikwa na vumbi la karasha kama jicho lenye mtoto wa jicho. Kwa haraka nikaipangusa na ncha ya shati. Nilikosea. Shati lenyewe lilikuwa na vumbi hilo hilo, nikaona nimeacha michirizi.

"Umeiua," alisema.

Nilikwenda duka la dawa nikaomba pamba na spiriti. Niliporudi nilimkuta ameinama anamnong'oneza mama, naye mama anatikisa kichwa. Nilichovya pamba kwenye spiriti, nikaikamua mpaka ikabaki na unyevu tu, nikaizungusha juu ya lenzi polepole bila kukandamiza, mara tatu, kila mara pamba mpya. Nikafunga skrubu. Diski ya kwaya ikasoma. Ya mazishi bado ikakwama.

Ndipo nikaitazama ile diski vizuri. Ilikuwa na alama za vidole na mafuta. Niliiosha kwa maji na sabuni kidogo, nikaifuta kwa kitambaa safi kutoka katikati kwenda pembeni, siyo kwa kuzungusha. Nikaiweka. Draivu ilizunguka muda mrefu. Halafu boma lao likatokea kwenye kioo, na watu wamejaa.

Mama alisogeza benchi mpaka magoti yake yakagusa meza. Walipofungua jeneza alilitaja jina la mwanawe mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anamwita aje kula. Kaka mtu aligeukia mlango. Kamera ikapita kwenye nyuso za waliosimama, mama akawa anawataja mmoja mmoja kwa Kikurya, kwa ukoo wao, kama anaita mahudhurio. Picha ikafika mwisho wa ule mstari. Akanigeukia.

"Na wewe uko wapi hapo?"

Ningeweza kusema nilikuwa nyuma. Ningeweza kusema nilikuwa naumwa.

"Sikuja, mama."

"Ulipata habari?"

"Nilipata."

"Mwizi hawezi kuja kuzika," mwanawe alisema kutoka mlangoni.

"Nyamaza," mama alimwambia, lakini hakuniondolea macho. "Chakula changu ulikuwa unakula."

Jeneza lilipoanza kushushwa picha ikaganda. Nilijaribu mara nne, ikawa inagandia pale pale, kwenye mikono iliyoshika kamba. Mama akasema imetosha. Niliwaambia wasubiri, nikaihamishia kwenye kompyuta ile sehemu iliyokuwa inasomeka, nikairekodi kwenye diski mpya. Nikaiweka kwenye kasha, nikampa mama mkononi. Mwanawe alimchukulia, akamshika mama kiwiko, wakatoka. Hakusema asante. Ningekuwa yeye, nisingesema pia.

Wiki iliyofuata nilipanda bodaboda hadi Itiryo kutoa pole. Nilijua nimechelewa. Jamaa alinikuta kwenye njia ya kuingia bomani, fimbo mkononi, akasimama katikati.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kwa mama."

"Hapa huna mama."

Tulisimama hivyo mpaka ng'ombe waliokuwa wanarudi malishoni wakatuzunguka. Mama alitoka nje aliposikia sauti. Nilimwamkia, nikampa pole, naye akapokea kwa maneno machache. Alinyoosha kidole kunionyesha kaburi. Nilikwenda peke yangu, nikakaa hapo nikimkumbuka yule mdogo mtu na kofia yake mikononi, na bado nilikuwa na hasira naye, nikashindwa kusema chochote nilichotayarisha njiani.

Niliporudi mlangoni mama alikuwa bado amesimama. Hakuniambia kaa, wala hakuita kiti kiletwe. Alinisindikiza mpaka mwisho wa ua, akaniambia niwahi kabla mvua haijanyesha, akageuka akaingia ndani.