Kona ya Upande wa Bibi

Mwaka jana nilikuwa jikoni kwa binti yangu, namenya viazi, redio ikiwa inaongea yenyewe dirishani. Mtangazaji alikuwa na kipindi cha vituko vya timu za zamani, zile za madaraja ya chini ambazo hakuna anayezikumbuka ila waliozichezea. Akafika Songea. Akasema Mshangano palikuwa na timu ya ajabu: kwa miaka yote ya uhai wake, haikuwahi kupiga kona ya upande wa kushoto kwenye uwanja wake wa nyumbani, wala kumruhusu mgeni kuipiga. Mwenzake akauliza sababu. "Ndumba, kaka! Walikuwa wamezika hirizi pale!" Wakacheka hadi wakaweka muziki.

Niliweka kisu chini. Timu ile ilikuwa ya kwetu, msomaji wangu. Uwanja ulikuwa shamba la bibi yangu. Na kweli palizikwa kitu pale, ila hakikuwa hirizi.

Nilizaliwa wakati uhuru ulikuwa bado mgeni, nikalelewa na bibi mzaa baba pale Mshangano, wakati huo ni mashamba matupu na nyumba za hapa na pale, na milima ya Matogoro imekaa upande wa mawio. Asubuhi za kipupwe ukungu ulitelemka kutoka milimani hadi tukawa tunasikia ng'ombe wa jirani bila kuwaona. Kazi yangu ilikuwa maji, kuni, na kusaga mahindi yaliyochipua ya kupikia togwa. Jumamosi togwa ile haikuwa yetu. Ilikuwa ya timu. Niliibeba kichwani kwenye mtungi hadi uwanjani, na wachezaji wa pande zote mbili walikunywa kwa kata moja wakati wa mapumziko, wakifutana jasho na kutaniana kama watu waliokuja kulima pamoja.

Yule mtangazaji angekuwa mtu wa kuuliza, ningempa vituko vingine vya kweli. Golikipa wetu alikuwa seremala, na milingoti ya magoli aliichonga yeye mwenyewe. Misimu ikapita kabla refa mmoja hajaleta kamba ya kupimia, ndipo ikajulikana kuwa mwamba wa juu aliuweka pale mikono yake ilipofika, na golikipa wetu alikuwa mfupi. Mashuti mangapi ya wageni yaliyopita juu yalikuwa magoli halali, Mungu ndiye anajua. Tena tulikuwa na mapumziko marefu kuliko timu yoyote wilayani: nguruwe pori waliingia kwenye karanga za jirani katikati ya mechi na Mpitimbi, timu zote mbili zikachukua fimbo na kuwakimbiza hadi mtoni, zikaua mmoja, na kipindi cha pili kikaanza jua likiwa limekaa kwenye miti. Wapitimbi walirudi kwao na paja la nguruwe na ushindi pia.

Lakini kituko kilichotupa jina ni kile cha kona.

Shamba lile bibi alilitoa mwenyewe. Baba yangu mdogo, kitinda mimba wake, ndiye aliyekuwa nahodha na ndiye aliyewakusanya vijana. Walikuwa wakichezea barabarani. Siku moja bibi akawaambia waje wasafishe konde lake la chini, lile tambarare. Majirani walishangaa, maana ardhi ile ilikuwa nyeusi na mahindi yake yalitoka mazito. Yeye akasema tu, "Nataka watoto wacheze pale."

Walipokuwa wanafyeka ndipo alipomwonyesha mwanawe pembe moja, penye kisiki cha msuku, akamwambia, "Hapa amelala mdogo wangu."

Hadithi yake mimi niliipata kwa vipande, jioni, tukipukuchua mahindi. Bibi alikuwa msichana mdogo wakati wa vita vya Majimaji. Wajerumani, ambao yeye aliwaita Wadachi hadi anakufa, walikuja na askari wao baada ya mapigano, wakati wanaume walikuwa wamekwisha kufa au kukimbilia msituni. Hawakutafuta watu tu. Walitafuta chakula. Walichoma nyumba ya kina bibi, kisha wakachoma ghala, na bibi aliniambia kuwa harufu ya mahindi yakiungua ilikuwa tamu, na kwamba mdogo wake mikononi mwa mama yao alilia akiitaka. Bibi, mama yake na mtoto walijificha porini. Walikula matunda ya msuku hadi yakaisha, wakala mizizi ambayo mama yao aliichemsha na kumwaga maji yake na kuichemsha tena. Huko Songea mjini wakubwa wetu walikuwa wananyongwa, lakini porini kilichoua kilikuwa njaa. Mtoto alikuwa amefika umri wa kukimbia, ila miguu ilikataa. Walipothubutu kurudi nyumbani, alifia mgongoni mwa mama yake wakiwa wameshaliona konde lao. Mama alimzika pembeni, chini ya msuku. Hakukuwa na jembe, majembe yalichukuliwa. Alichimba kwa kipande cha chungu, na bibi akasaidia kwa mikono.

Bibi alisimulia haya kwa sauti ileile aliyotumia kuniambia nisimwage pumba. Kisha nilisikia punje tu zikidondoka kwenye ungo.

Baba mdogo aliwaambia wachezaji, nao wakaona aibu kubwa ya kukanyaga mahali pale. Wakakubaliana: mpira ukitokea upande ule, kona itapigwa upande wa pili. Wakaweka mawe madogo kuzunguka pembe. Timu ngeni zilipokuja ziliambiwa, nazo zilivua kofia, maana nani kati yao hakuwa na ndugu wa namna hiyo? Marefa wa mjini walizoea. Na kila mechi bibi aliketi palepale karibu na mawe, kwenye kigoda chake, miguu ameinyoosha, kanga imefunika magoti, akiangalia mpira ukienda na kurudi kule mbali. Mimi nilikaa kwenye nyasi ubavuni mwake. Tulimwona kama mlinzi wa kaburi. Mashabiki walimwamkia shikamoo kwa sauti ya chini na kupita mbali.

Halafu ikaja mechi na Madaba. Timu hizi mbili zilikuwa juu ya ligi ya wilaya, na mshindi angepanda kucheza ligi ya mkoa. Madaba walitosheka na sare. Sisi tulihitaji goli. Kwetu kupanda daraja hakukuwa jambo dogo. Vijana wale walikuwa wanaanza kututoka mmoja mmoja kwenda kutafuta kazi mbali, na baba mdogo aliamini wakipanda watabaki. Watu walijaa hadi kwenye mihogo. Wamadaba walikuja kwa lori wakiimba.

Tulishambulia mchana kutwa. Mpira uligonga mwamba wa seremala wetu, safari hii mwamba wa upande wao, ukarudi. Dakika za mwisho kabisa beki wa Madaba akautoa nje kwa kichwa. Kona. Upande wa bibi.

Baba mdogo akauchukua mpira kwapani na kuanza kwenda nao upande wa pili, kama ilivyo kawaida. Filimbi ikalia. Refa alikuwa mgeni, mtumishi wa serikali kutoka mkoa mwingine, aliyehamia mwezi uleule.

"Nahodha, unakwenda wapi? Kona ni huku."

"Mzee, huku hatupigi. Waulize hata Madaba."

Nahodha wa Madaba akaitikia, "Ni kweli refa. Waache wapige kule, sisi hatuna neno."

"Sheria haina kule," refa akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Mpira umetokea huku. Ukiupiga kule nitawapa wao. Mimi nitaandika nini?"

Baba mdogo akasimama na mpira, akatazama kwenye mawe, akamtazama mama yake. Bibi alikuwa amesimama. Sikuwahi kumwona akisimama katikati ya mechi. Akanyanyua mkono wake wa kulia juu, kiganja kimeelekea chini, akautikisa.

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, kama anayesema nimeelewa. Akaubusu mpira, akaukabidhi kwa refa, akaondoka uwanjani. Mchezo ukaisha bila goli. Madaba walipanda daraja, na hata wao hawakuimba walipokuwa wanapanda lori.

Jioni ile nyumba ilikuwa kama ya msiba. Bibi alikuwa amepika kindoro, viazi vimepondwa na maharage, chakula alichokipenda mwanawe kuliko vyote. Kikawa kinapoa. Bibi ndiye aliyeanza.

"Mwanangu, mbona hukupiga?"

Baba mdogo akainua uso. "Mama, si umenikataza?"

"Nimekukataza saa ngapi?"

"Kwa mkono. Ulisimama ukanikataza kwa mkono."

"Nilikuwa nakuita," bibi akasema. "Nilikuwa nakuambia njoo. Njoo upige."

Moto ulikuwa unapasuka. Kisha bibi akaanza kulia, yeye ambaye ghala la kwao lililoungua alilisimulia macho makavu.

"Nani aliwaambia nimekataza? Mlikuja lini kuniuliza? Yule mtoto hakucheza kitu. Alikufa miguu haijakimbia. Mimi nimetoa konde langu ili asikie watoto wenzake juu yake, wakanyage, wapige kelele. Nanyi mkamwekea mawe, mkaenda kuchezea kule mbali. Misimu yote hiyo nakaa pale nangoja mpira ufike, haufiki."

"Mama, tulidhani tunakuheshimu."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nilinyamaza. Niliona mna heshima, nikaona vibaya kuwavunja moyo."

Kesho yake, watu walipotoka kanisani, baba mdogo alimshika mama yake mkono wakashuka uwanjani. Nikafuata. Golikipa seremala alikuwepo na wengine wachache. Waliyatoa mawe yale moja moja na kuyatupa kwenye mihogo. Baba mdogo akaweka mpira pembeni kabisa, akarudi nyuma, akapiga. Ulipinda vizuri, mtu mmoja akaruka akaufunga kwa kichwa, golikipa hata hakunyanyua mikono. Bibi akapiga kigelegele kimoja. Kilikuwa chembamba, na uwanja ulikuwa mtupu, kikaenda hadi kwenye miti na hakuna aliyekipokea.

"Vizuri," alisema. "Lakini jana ingekuwa vizuri zaidi. Jana palikuwa na watu."

Msimu uliofuata hakuufikia. Kipupwe cha mwaka ule kilimshika kifua, na tukamzika upande wa juu, kwa mume wake, kama desturi. Wachezaji walitawanyika kama baba mdogo alivyohofia. Wengine mashamba ya miwa, wengine Dar es Salaam, na yeye mwenyewe akaenda kuendesha lori la tumbaku, hakugusa mpira tena. Ligi iliendelea bila sisi. Konde likakatwa viwanja vya nyumba.

Nilipokwenda mara ya mwisho, nilihesabu kwa macho kutoka barabarani hadi nikadhani nimeipata ile pembe. Pana nyumba ya bati, na mama mmoja kijana alikuwa anaanika mahindi kwenye turubai. Alinikaribisha, akanipa maji. Watoto wake walikuwa wanafukuzana kuzunguka nyumba, wanaanguka, wanainuka. Nilitaka kumweleza ni nani amelala pale. Nikafungua mdomo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba siwezi kumtaja. Bibi alimwita "mdogo wangu" siku zote, na katika jioni zote zile za kupukuchua mahindi, kati yetu sote hakuna aliyemuuliza mtoto yule aliitwa nani.